Nakshi Zinazotembea

Paukwa!
—Pakawa!
Mbona sauti kama mmekula kiporo? Paukwa!
—PAKAWA!
Haya, sasa nasikia watu. Wengine watawasimulia habari za simba na fisi. Hizo kila mtu anazo. Hii ninayo mimi peke yangu, na anayebisha akamuulize Kobe.

Hapo zamani za kale, wenzake wakifuga kuku, Bi Mwatumu alifuga watambaao. Alikuwa na Chatu, mnene kama gogo la mnazi. Alikuwa na Kobe, mkaidi, mchoyo wa maji. Na alikuwa na Kinyonga.

Jamani, huyo Kinyonga! Alijipenda, alijipenda, alijipenda. Asubuhi kijani, adhuhuri manjano, jioni zambarau.

"Nani kama mimi?" aliuliza kila siku.

"Hakuna, dada," Chatu alijibu.

"Tupishe, tunakula mchicha," Kobe alijibu.

Siku moja, hodi hodi! Akaingia mgeni, Kenge. Mkia nyuma, buruu, buruu! Na mwili mzima vidoa vyeusi, vidogo kama ufuta.

Kinyonga akamwona, rangi ikamruka. "Kaka Kenge, hivyo ni nini?"

Nyumba aliyotoka Kenge alifukuzwa kwa vidoa hivyo hivyo, na alikuwa amechoka kulala nje. Akatoa kifua. "Hivi? Nakshi, dada. Kwetu asiye nazo haposwi."

"Mbona ile pale inatembea?"

"Ndizo ghali hizo. Za bei rahisi hukaa tu."

Kinyonga akashikwa na wivu. Rangi anazo zote, lakini nakshi inayotembea hana!

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa, kuoga. Beseni moja, tambara moja, na kwa heshima, mgeni kwanza. Bi Mwatumu haoni karibu bila miwani, na miwani kaivaa utosini. Akamtia Kenge majini, chubwi! Akamsugua, swa, swa, swa. Kisha Chatu, maji yale yale. Kisha Kinyonga akafutwa kwa tambara lile lile.

Ikafika zamu ya Kobe. Kobe akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akawa jiwe.

"Sitaki maji aliyoogea mwenzangu!"

"Mchoyo wewe!" Chatu akamcheka. "Unamwaibisha mgeni."

"Mgeni namheshimu. Maji yake ndiyo siyataki. Tena angekaa kwanza banda la nyuma siku arobaini, tumjue."

"Arobaini! Kwani ni mzazi huyo?"

Wakacheka mpaka Chatu akajifunga fundo. Kinyonga akajitazama mkononi. Vidoa vitatu! Akaanza kuimba:

"Ninazo, ninazo, nakshi ninazo,
Kobe hana, mimi ninazo!"

Ijumaa ya pili vikawa thelathini. Ijumaa ya tatu hakuna aliyehesabu. Vikampanda shingoni, vikaingia kwenye kope, vikakaa kama wapangaji. Kinyonga akawashwa, akajikuna, kwaru, kwaru, kwaru! Akajaribu kijani, ikaja kijivu. Akajaribu manjano, ikaja kijivu ile ile. Chatu naye alishinda ndani ya dishi la maji, pua tu iko nje. Gamba lake la zamani limegoma kutoka, linaning'inia vipande vipande.

"Joto tu," alisema Chatu. Na ulikuwa mwezi wa baridi!

Nzi akatua. Kinyonga akalenga. Ulimi, chwap! Ukanata puani kwa Chatu. Akalenga tena, chwap! Ukutani. Siku ya tatu hiyo hajaonja kitu, na macho yanazidi kuziba. Kinyonga asiyeona hawezi kula. Na asiyekula, basi tena.

Akashuka pole pole, akipapasa, hadi kwa Kobe. "Ndugu yangu, sioni. Nitakufa."

"Si nakshi hizo? Si uliziimbia?"

"Nicheke kesho. Leo nisaidie."

Kobe akacheka leo leo. Kisha akasema, "Haya. Lakini simama hapo hapo, usinisogelee."

Akapaza sauti. "Kaka Kenge! Nimekubali yaishe. Nami nataka nakshi, ila nichague mwenyewe. Jilaze juu ya kitu cheupe nizione vizuri."

Sifa zikampanda Kenge kichwani. Akajilaza juu ya shuka jeupe la Bi Mwatumu, akajinyoosha, akajigeuza. Vidoa vikamwagika, vikatawanyika, tiki, tiki, tiki!

"Bi Mwatumu!" Kobe akapiga ukelele. "Njoo, shuka lako linatembea!"

Bi Mwatumu akaja mbio, akainama, miwani ikamshuka puani. Siku hiyo ndiyo akaona.

"Utitiri! Ndani ya nyumba yangu!"

Kenge akaangua kilio. "Usinifukuze, mama. Nilificha kwa kuogopa kufukuzwa."

"Sikufukuzi. Lakini wewe na kuoga wa kwanza, mmeachana."

Akaitwa bwana mifugo, akampa kila mmoja dawa kwa kipimo chake. Matandiko yakachomwa. Mabanda yakasuguliwa kwa maji ya moto, hata nyufa. Kila mmoja akapata beseni lake na tambara lake. Desturi ikapinduliwa: wazima kwanza, wagonjwa baadaye, Kenge mwisho, na Bi Mwatumu ananawa mikono kila atokapo kwa huyu kwenda kwa yule. Kenge akawekwa banda la nyuma siku arobaini. Chatu, gamba jipya linang'aa, akawa anamwita kwa mbali, "Mzazi, hujambo?"

Kinyonga akapona, rangi zikarudi. Ila woga haukutoka. Mpaka leo jicho lake moja linamtazama nzi aliye mbele, na la pili linatazama nyuma: nani anaingia, na kabeba nini? Na kabla hajakanyaga tawi, anayumba mbele, anayumba nyuma. Anahakikisha halitembei.

Fundisho lake, wakubwa kwa wadogo, ni hili: mgeni mpokee kwa mikono miwili, lakini mtengee chumba chake, beseni lake na tambara lake, mpaka ajulikane ni mzima. Na wewe ukiwashwa, sema unawashwa. Usiseme umepambwa.

Hadithi yangu imeoga, imejifuta kwa tambara lake yenyewe, na hapo ndipo ilipoishia.