Moshi wa Sultani Hulala kwa Sultani

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakikohoa bila kuuliza nani anawakohoza, palikuwa na mji uitwao Ndoleni. Mji huo ulikuwa ukikua mbio, hata mtu akisafiri mwezi mmoja, akirudi hupotea njia ya kwao. Kila tajiri alitaka ghorofa, na kila ghorofa ilitaka chokaa. Basi Sultani Badiri akajenga matanuu ya kuchomea chokaa bondeni, yakawa yakiwaka mchana na usiku, na mali ikamwingia kama maji. Moshi wake haukwenda mbali. Uliingia mtaa wa mafukara uliokuwa kando ya matanuu, ukaingia vyunguni, ukaingia vitandani, ukaingia vifuani mwa watu, ukakaa.

Mtaani humo aliishi mtu mmoja jina lake Pandu, fukara wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi. Wengine walimwita mwerevu, wengine walimwita juha, naye aliitikia yote mawili kwa adabu. Mkewe, Mize, alikuwa ameshikwa na kifua. Hakuweza tena kulala akajinyoosha. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Mganga alikwisha kumwambia Pandu wazi: "Mkeo akiuvuta moshi huu mwaka mwingine, utamzika." Pandu alimpenda mkewe, na maneno hayo yakamtoa mzaha siku nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu azaliwe.

Ikawa wafalme wa ng'ambo, ambao miji yao ilikwisha kula moshi ikaujua utamu wake, wamechanga dhahabu wakaiweka pamoja, wakaiita Hazina ya Heri. Kazi yake ilikuwa kuikopesha miji inayokua upesi, ipate kusafisha hewa yake na maji yake. Sultani Badiri akapeleka wajumbe wenye machozi tayari machoni, akakopeshwa dhahabu ya kujenga matanuu mapya ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, mahali pasipo na watu, ambapo upepo huuchukua moshi ukautupa baharini.

Dhahabu ikapokewa kwa ngoma. Kwanza likaundwa Baraza la Kupambana na Moshi, likanunuliwa viti vya mpingo. Kisha Waziri Ghulamu akasafiri na wake zake hadi visiwa visivyo na moshi, kwenda kuchunguza jinsi usivyokuwako, akarudi amenenepa. Kisha ikaandaliwa karamu ya kuutangazia moshi vita, wakachomwa ng'ombe, moshi ukazidi. Kilichosalia kikamjengea Sultani ukumbi mpya kule kilimani, mweupe wa kuumiza macho, na chokaa yake ilichomwa katika matanuu yale yale ya bondeni.

Siku moja Pandu akamshika Mize mkono, wakapanda mpaka kasrini.

"Seyyidi," Mize akasema, "tunaomba matanuu yahamishwe. Tunakufa."

"Bibi wee, moshi ni neema," Sultani akajibu. "Mji usio na moshi haujapika."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Seyyidi." Mize alitaka kuendelea, ila kikohozi kikamkamata, akainama hata ukaya wake wa kichwani ukagusa sakafu. Wakubwa wakatazama kando, kama watu waliokumbuka shughuli nyingine.

Pandu akavaa ile sura yake ya kijuha. "Niwie radhi, Seyyidi. Moshi huu ni wa nani? Umejaa kwangu hata sina pa kutandika mkeka. Nataka nimjue mwenyewe nimrudishie."

Ukumbi mzima ukacheka. Waziri Ghulamu akasema, "Hujui sheria, juha we? Kila kitokacho tanuuni ni mali ya Sultani, na mali ya Sultani hulala kwa Sultani! Juzi tu tumemchapa mtu viboko kwa kukomba vumbi la chokaa njiani."

"Ndivyo, Seyyidi?"

"Ndivyo," akasema Sultani.

"Basi nimesikia," akasema Pandu, "na hawa wote wamesikia."

Hayajesha maneno, akaingia mjumbe anahema: Hazina ya Heri inamleta msimamizi wake, Bibi Raziya, aje aone dhahabu imefanya nini, naye atafika Ijumaa. Sultani akabadilika rangi. Akamtazama Waziri, Waziri akatazama viatu vyake. Ndipo jicho la Sultani likamwangukia Pandu.

"Wewe mwenye ulimi. Ijumaa sitaki jicho la mtu lione moshi bondeni, na matanuu yasizimwe hata kidogo, maana matajiri wanangojea chokaa yao. Ukiweza, omba utakacho. Ukishindwa, nitabomoa kibanda chako, nanyi wawili mtahamia mlangoni mwa tanuu."

Mize akamkaza mumewe mkono. Hata mtu mwenye kifua kizima hangefunga mwaka mlangoni pale.

"Nipe mafundi, Seyyidi," akasema Pandu, "na amri kwamba asiniulize mtu."

"Hata mimi usiniambie. Nataka nisiuone tu."

"Hutauona bondeni," akasema Pandu, akainama sana.

Sasa, pale kilimani palikuwa na mtaro wa kale uliofunikwa kwa mawe, alioujenga babu yake Sultani ili kuteremshia maji machafu ya kasri. Ulianza hamamuni, ukapita chini ya ukumbi, penye matundu ya kumwagia maji, ukaja kumwagia uchafu wa wakubwa mlangoni mwa mafukara. Pandu akawaambia mafundi wayafunike matanuu kwa kuba za mawe na udongo, na kila kuba waiunge na mtaro ule. Fundi mkuu akafungua mdomo kuuliza, akaikumbuka amri, akaufunga. Likaachwa tundu moja juu ya kila kuba, nalo likazibwa Ijumaa asubuhi, chombo cha mgeni kilipokuwa kikitia nanga. Maji hupenda kuteremka, na moshi hupenda kupanda.

Bibi Raziya alikuwa mama wa makamo, asiyecheka ovyo. Akasimama bondeni, akagusa tanuu, lina moto. Akatazama juu, anga safi. Mize naye alikuwa ametoka mlangoni pake, akavuta pumzi, akangoja kikohozi, kisije. Akavuta tena, machozi yakamtoka.

"Ajabu," akasema Bibi Raziya. "Na yale matanuu ya ng'ambo ya hori?"

"Tule kwanza, Bibi," Sultani akasema upesi. "Mgeni hahoji akiwa na njaa."

Wakapanda kilimani, na Pandu na Mize nyuma yao. Milango ya ukumbi ilipofunguliwa, moshi ukatoka kama jitu lililochoka kungoja. Wapishi walikuwa wakikimbia na masufuria, wake wa Waziri wakichomoka hamamuni na povu kichwani. Ukuta mweupe ulikwisha kuwa rangi ya sufuria la zamani. Sultani akavuta pumzi kupiga kelele, akavuta moshi. Akakohoa hata kilemba kikamwanguka.

"Moto! Moto!"

"Si moto, Seyyidi," akasema Pandu. "Ni mali yako. Hakuna jicho linaloiona bondeni, na matanuu hayakuzimwa. Kila kitokacho tanuuni ni chako, nacho hulala kwako. Niliogopa viboko, nimekurudishia chote."

Sultani akakohoa akashika nguzo, akakohoa akapiga magoti. Ndipo Mize akamwendea, akamshika bega, na huruma yake ilikuwa ya kweli, kwani alikijua kikohozi kile.

"Pole, Seyyidi. Kaa kitako, uegemee ukuta. Mimi ndivyo ninavyolala."

Bibi Raziya akapitisha kidole ukutani, akakitazama. "Ukumbi huu ni mpya," akasema. "Sasa nimejua dhahabu yetu ilikokwenda. Seyyidi, uza ukumbi, uza viti vya mpingo, ujenge matanuu ng'ambo ya hori kama ulivyoahidi. Mpaka hapo, moshi na uendelee kulala kwa mwenyewe."

Sultani akafuta macho. Aibu ilimwingia hata masikioni. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya ila wa kukaa mbali na moshi wake, akacheka kicheko kilichochanganyika na kikohozi. "Pandu, umenipakulia nilichokipika. Ahadi ni deni. Omba."

"Mtaro usibomolewe, Seyyidi. Utiwe mlango wa chuma kule chini, na ufunguo apewe Mize, ili moshi ukirudi bondeni aufungulie njia ya kwenda kwa mwenyewe."

Basi ikawa hivyo. Matanuu yakahamia ng'ambo ya hori upesi kuliko jambo lolote lililopata kufanywa Ndoleni, Waziri Ghulamu mwenyewe akibeba mawe, na Mize akarudi kulala kama watu wanavyolala. Na tangu siku hiyo, kila Sultani alipoletewa shauri la kuukuza mji, kabla hajatia muhuri aliuliza kwanza, "Mize yuko wapi na ule ufunguo?"

Mize alikuwa kule kule bondeni, akitwanga mpunga wake, ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso.