Mikono Miwili ya Kushoto

Uvumi ulianzia kwa muuza nyuzi. Alimwambia fundi cherehani kwamba watoto wa siku hizi, kwa sababu ya simu, hawawezi kukaa na jambo moja hata dakika kumi. Akili zao hurukaruka kama panzi. "Mwanao akinyamaza chumbani, dada yangu, usidhani anasoma," alisema. Maneno hayo yakamganda fundi kama ruba.

Kesho yake binti yake alikuwa nyuma ya pazia akijiandaa kwa mtihani. Mbele, juu ya meza, kilikuwepo kitambaa cha satini cha bibi harusi. Bibi harusi huyo aliachiwa kitambaa hicho na marehemu mama yake, pamoja na agizo kwamba gauni liwe la mikono mirefu. Lilitakiwa jioni ile.

Kiwiliwili cha gauni fundi alishakikata; sasa akakata mkono wa kwanza. Kimya. Akaenda kuchungulia, tena na tena; kila mara binti ameinamia daftari. Akarudi mezani. Kimya tena. Mbona hata karatasi hazigeuzwi? Akanyata mpaka kwenye pazia, mkasi mkononi.

"Mama, hii ni mara ya saba," binti alisema bila kuinua kichwa.

"Simu umeificha wapi?"

"Kwenye kikapu chako cha chaki, tangu asubuhi. Nilikuambia, ukaitikia 'haya, haya.'"

"Mdomo huo utakuponza," fundi alisema, kwa kuwa hakuamini. Akakata mkono wa pili harakaharaka, sikio likiwa limebaki kwenye pazia, kisha akafukua chaki. Simu ilikuwepo, imezimwa.

Alipoipanga mikono mezani, aliona haipatani. Satini ina upande unaong'aa na upande uliofifia, ndiyo maana mafundi huikunja kwanza, ili mkasi utoe mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Yeye, kwa haraka ya kwenda kuchungulia, alikata mmoja mmoja na hakuigeuza karatasi ya kipimo alipokata wa pili. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Vilivyobaki ni vipande vya kufutia mashine.

Bibi harusi alipofika, aliuchukua mkono mmoja, akaulaza juu ya mwenzake.

"Fundi, kwani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwangalia binti yangu."

"Na mimi nilikuachia cha mama yangu ukiangalie." Akakikunja vilevile kilivyokatwa, akaondoka nacho.

Wazazi wenzangu, yaepukeni haya:

Kumeza maneno ya dukani bila kuyatafuna.
Kuitikia "haya" kabla ya kusikia.
Kumpeleleza mtoto aliyetulia kwenye kazi yake.
Kushika mkasi macho yako yakiwa chumba kingine.

Mshika mawili, moja humponyoka.