Masalu na Vipande Vitatu vya Ukuta

Haya, sogeeni. Anayetafuna ameze kwanza, maana hadithi hii ina mahali pa kupaliwa. Nanyi mnaopenda kujibu kabla hamjaulizwa, leo mtanivumilia.

Mwanza, katika mtaa uliopanda mlimani katikati ya mawe makubwa, alikuwako kijana mtunisha misuli aitwaye Masalu. Si wale wa sindano na vidonge, la hasha. Wake ulikuwa mwili wa jasho na sahani. Akivua shati, hata wapinzani wake walisema, "Lo!" Na mwili huo ulikuwa na wenyewe watatu, kila mmoja akidai kuwa ni kazi yake.

Wa kwanza ni baba yake, Mzee Luhende, mchukuzi wa mizigo bandarini. Malezi hakutoa. Alihama nyumba Masalu angali anabebwa mgongoni, akarudi juzijuzi tu, mvi zimemjaa. Lakini mabega yale mapana na mgongo ule ni wake, huhitaji kuambiwa. "Kimbieni, nyanyueni, kuleni mpaka mpasuke," husema mzee. "Mifupa hii nimempa mimi." Na kweli, kuna kijana wa jirani aliyefundishwa na kocha wa Masalu, akala chungu kimoja naye, na mpaka leo shati linamning'inia.

Naona mmeshaanza kumnunia mzee. Nuneni, lakini sikilizeni.

Wa pili ni Kocha Tungaraza, mwenye jimu ya vyuma vya kuokoteza: ekseli za malori, makopo yaliyojazwa zege. Alimpokea Masalu hajui hata kushika chuma. Akamwamsha alfajiri, akamfokea, akamrekebisha magoti, akamkataza pupa. "Kaka yako ni baba mmoja mama mmoja nawe," humwambia. "Mwangalie sasa. Kitambi tu, ngazi anapanda anahema!" Hilo nalo ni kweli, kaka mwenyewe hakatai.

Wa tatu ni mama yake mdogo, Nyanzala, mama lishe, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Ndiye wa mayai, maharage na samaki wa kuchemsha. Ndiye wa kumpokonya chapati mkononi. Mwaka aliokwenda Geita kumuuguza binti yake, Masalu alinyanyua vyuma vilevile na mwili ukanywea, akatolewa mashindanoni mapema, aibu tupu. "Kocha, makelele yako hayana protini," mama mdogo humtania.

Basi ikafika siku ya shindano la mkoa. Desturi ya shindano lile, mshindi hupanda jukwaani na mtu wake mmoja, amshikie kikombe. Mmoja tu. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi, na wale watatu walikuwa chumba cha nyuma cha jimu wakigombana nani atapanda. Masalu alishapakwa mafuta mwili mzima. Tena alikuwa hajanywa maji tangu jana, maana hivyo ndivyo watunisha misuli wanavyofanya ili ngozi igande kwenye nyama: wanapendeza machoni huku nguvu zimewaishia. Akachoshwa na ubishi, akatoka barazani.

Ndipo mlima ukanguruma.

Jiwe lilishuka na matope yake, likaupiga ukuta wa nyuma. Kishindo kilipotulia, chumba hakikuwepo. Ukuta ulikuwa umeanguka vipande vitatu vikubwa, na chini ya kila kipande kulikuwa na sauti.

Masalu aliogopa, jamani. Mtu mwenye kifua kama kile, meno yanagongana! Alipiga kelele kuita watu. Watu waliitika kutoka ng'ambo, lakini njia ilikuwa imekatwa na matope. Akaangalia juu: jiwe la pili, kubwa kuliko la kwanza, lilikuwa linasogea. Halikimbii. Linasogea, linasimama, linasogea tena.

Akakishika kipande kilichokuwa karibu, mikono ikateleza kwa mafuta. Akaipaka vumbi la saruji lililosalia kavu chini ya zege. Akajaribu tena, zege likainuka kidogo tu, misuli ya mapaja ikakakamaa kwa maumivu, akaliachia. Hapo akajua, kama mtu anavyoujua mwili wake mwenyewe, kwamba zimebaki nguvu za kuinua mara moja. Baada ya hapo ataanguka.

"Masalu," akasema baba, sauti imekauka, "mgongo wako hautakatika. Nimebeba mizigo miaka yote hii kwa mgongo huohuo."

"Kunja magoti!" akafoka kocha kutoka chini, akikohoa. "Usivute kwa kiuno! Pumua kwanza, ndipo uinue!"

"Mwanangu," akasema mama mdogo polepole, "kunywa maji. Mtungi uko mlangoni, hapo ulipo. Kunywa kwanza."

Akanywa kwa haraka, nusu yanamwagika kifuani. Akakunja magoti. Akaunyoosha mgongo. Akawasubiri waseme neno moja zaidi, wamsaidie kuchagua. Hakuna aliyesema, "Nitoe mimi." Hakuna aliyesema, "Anza na wenzangu." Waliogopa, ni binadamu. Alichosikia ni pumzi zao tu, na kule juu jiwe likikwaruza udongo.

"Mungu wangu," akasema Masalu, "mbona wote mmenyamaza?"

Mimi naishia hapa. Msinitolee macho, sitasema aliinua kipande gani. Mgongo alipewa na mmoja, namna ya kuinua alifunzwa na mwingine, na nyama za mikono hiyo zilipikwa na wa tatu. Akikosa kimoja, zege halinyanyuki.

Basi weka mikono yako mahali pa mikono yake. Je, wewe ungemtoa nani? Na ukijibu, jibu kwa sauti, maana wale wawili utakaowaacha wanakusikia.