Somo la Kuonja la Profesa Chatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa shimo.

Ndani ya shimo?

Mwalimu.

Ndani ya mwalimu?

Mbona hamjibu? Basi kaeni hivyo hivyo, kimya, maana hapo ndipo hadithi ilipo. Na wewe unayecheka huko nyuma, mimi sirudii. Nasema mara moja, nasema wazi. Asiyesikia, shauri yake.

Hapo kale wanyama wa nyika walikuwa na chuo kikuu. Twiga alifundisha elimu ya majani, majani tu. Ngiri alifundisha elimu ya kuchimba, kuchimba tu. Kiboko alifundisha elimu ya maji, na ole wako umwulize habari za nchi kavu! "Hiyo si idara yangu," anasema, kisha anazama, bubububu. Basi mwanafunzi wa majani alijua majina ya majani yote, asijue njia ya kufika mtini. Mwanafunzi wa maji alifaulu kwa alama za juu, akafa kwa kiu akienda mtoni, maana njia lilikuwa somo la wenzake.

Ndipo akaja Chatu. Hakuna aliyemwona akija. Walimkuta tu asubuhi moja, kajiviringisha mbele ya pango lililo chini ya jabali la pimbi, ngozi inang'aa kama imepakwa samli. Akasema kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayelaza mtoto:

"Wanangu, mnafundishwa vipande vipande. Nani aliwahi kushiba kwa vipande? Mimi nafundisha somo la mseto. Majani, maji, giza, mifupa, yote chungu kimoja. Tena kwa vitendo. Kuambiwa si kujua. Kuonja ndiko kujua. Ingia, uonje, ujue."

Wanyama wakapiga makofi, pa! pa! pa! Na maneno yenyewe yalikuwa kweli, sitaficha. Lakini neno la kweli katika kinywa chenye njaa, hilo liogope kuliko uongo.

Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanafunzi aliingia pangoni alasiri, peke yake, wazazi wakakaa nje na nguo zao za sherehe. Walisikia swaaa... swaaa... halafu kimya. Halafu sauti ya mtoto wao ikatoka gizani: "Nimefaulu, mama. Nenda nyumbani." Mama akapiga vigelegele, akaenda nyumbani.

"Na mwenyewe yuko wapi?" majirani wakauliza.

"Ametokea upande wa pili," akasema Chatu. "Ameshapata kazi."

"Kazi gani, Profesa?"

"Ya ndani."

Akaingia Kanga. Nimefaulu, mama, nenda nyumbani. Akaingia Kwale. Nimefaulu, mama, nenda nyumbani. Akaingia Kima. Nimefaulu, mama, nenda nyumbani. Chatu akanenepa, wanyama wakasema elimu inampendeza.

Sasa, katika darasa hilo alikuwamo Pimbi. Mfupi, mviringo, hana mkia, wala hakuwa wa kwanza darasani. Aliketi na Digidigi, binti wa watu, mpole, mwenye kasoro moja. Hakuweza kutamka neno kabla hajapiga chafya. Akikusalimu, chwi! "Hujambo?" Akijibu swali, chwi! "Ni mifupa, Profesa." Darasa zima lilimcheka, isipokuwa Pimbi.

Ikafika zamu ya Digidigi. Mlangoni akageuka. Chwi! "Pimbi, nishikie nafasi yangu," akasema, akaingia.

Swaaa... swaaa... Kimya.

"Nimefaulu, mama. Nenda nyumbani."

Mama Digidigi akapiga vigelegele. Pimbi manyoya yakamsimama, kuanzia kisogoni hadi pale ambapo mkia ungekuwapo. Sauti ilikuwa ya Digidigi, laini ile ile. Lakini chafya iko wapi?

Akamkimbilia yule mama. "Shikamoo, mama. Mama, huyo aliyesema siye."

"Siye nani?"

"Siye Digidigi. Hakupiga chafya."

"Ala! Kwa hiyo mwanangu akipona chafya wewe unaumia?" Mama Digidigi akashika kiuno. "Wivu tu! Hata mkia umekushinda, ndiyo utaweza kufaulu? Hebu nipishe."

Pimbi akampisha. Alipogeuka, Chatu alikuwa nyuma yake. Macho ya Chatu siku zile yalikuwa meupe kama maziwa, maana alikuwa karibu kujivua ngozi, na nyoka akiwa hivyo haoni. Lakini kichwa chake kilimfuata Pimbi kushoto, kikamfuata kulia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Una joto zuri." Ulimi ukatoka, ukarudi. "Kesho zamu yako. Na nduguzo wote wa jabalini nimewapa nafasi. Bila mtihani wa kuingia. Hadi wanaonyonya."

Pimbi akapanda jabalini mbio. Huko juu pimbi wazima na watoto walikuwa wamelala juu ya mawe, tumbo chini, wanaota jua kama desturi yao. Walikuwa wanaimba: "Bila mtihani! Bila mtihani!"

"Nyamazeni!" Pimbi akafoka. Akajitupa juu ya jiwe alilozaliwa juu yake. Jiwe lilikuwa na joto. Jua lilikuwa linazama, lakini mawe ya jabali lile yalikuwa bado na joto la kiumbe hai. Tena yalinuka pimbi, maana vizazi vya pimbi vililala hapo, na manyoya yao yalikuwa yamegandamana katika kila ufa.

Una joto zuri. Haoni, anafuata joto.

Pimbi akaketi wima. Elimu ya jua. Elimu ya mawe. Elimu ya harufu. Yote chungu kimoja.

Kesho yake, tangu jua lichomoze, ukoo mzima ulilala juu ya mawe ya mviringo yaliyo ukingoni, juu ya mlango wa pango, ukajisugua juu yake, shwa shwa shwa. Alasiri Pimbi akasimama kwenye mlango wa pango.

"Hodi, Profesa!"

"Karibu. Ingia, uonje, ujue."

"Profesa, nimekuja na wenzangu. Wana haya, hawasemi. Waanze wao?"

Ulimi ukatoka gizani, ukarudi. Kisha sauti ikasema kwa utamu, "Waanze."

Pimbi akainua mkono. Huko juu wakasukuma jiwe. Biringi, biringi, biringi, likaingia gizani. Swaaa. Gubu!

Pimbi akabana pua, akasema kwa sauti nyembamba: "Nimefaulu, mama. Nenda nyumbani."

"Vizuri," akasema Chatu. "Mwingine."

Biringi, biringi, biringi. Swaaa. Gubu! "Nimefaulu, mama. Nenda nyumbani."

"Huyu mzito."

"Amesoma sana huyo, Profesa."

"Mwingine."

Biringi, biringi, biringi. Swaaa. Gubu! Jiwe juu ya jiwe, kwa mlio wa kugongana, ko! ko! ko!, tumboni mwa Profesa. Mpaka ikasikika sauti imebanwa:

"Hawa... hawalainiki."

"Vichwa vigumu, Profesa. Ni wa mwaka wa kwanza."

Chatu akajaribu kujikunjua. Hakuweza. Akajaribu kutapika. Jiwe likaja hadi shingoni, likakwama, likarudi, ko! Akajaribu kujikokota aje mlangoni, na Pimbi akasikia magamba yake yakikwaruza mwamba, krrr, krrr, taratibu, karibu, karibu zaidi.

"Sukumeni kubwa!" akapiga kelele. Likaja jiwe kubwa kuliko yote, gudugudugudu, mbwata! Likaziba mlango. Ukabaki ufa wa kupitisha sauti tu.

Pimbi akarukia juu yake. "Kuonja ndiko kujua, Profesa! Umeonja mawe, umeonja joto, umeonja uzito. Huo ndio mseto wako. Umefaulu. Nenda nyumbani."

Akacheka. Ukoo wote ukacheka. Na walipochoka kucheka, ufa ukasema:

"Pimbi. Nitoe. Ni mimi, Kanga."

Wakaangaliana.

"Nitoe. Ni mimi, Kima. Huku kuna giza." Halafu sauti laini. "Pimbi, ni mimi Digidigi. Ulinishikia nafasi yangu?"

Hasira ikamtoa Pimbi woga. "Mwongo! Digidigi hasemi kitu kabla hajapiga chafya!"

Kimya. Kimya kirefu.

Kisha kutoka chini ya jiwe, ndani kabisa:

Chwi!

"Pimbi. Nitoe."

Mama Digidigi alikuwa anapita na kuni. Kuni zikamwanguka. "Huyo ni mwanangu! Nimemsikia! Ondoa jiwe, we mtoto, ondoa jiwe!" Akaliparamia kwa kwato, akalipiga kwa kichwa.

Pimbi hakuondoka juu ya jiwe. Alijua amemfundisha Chatu ile chafya kwa mdomo wake mwenyewe, sasa hivi, kwa hasira. Au hakumfundisha. Ama ni Chatu, mwanafunzi mwepesi kuliko wote, ama ni Digidigi, bado hai, anamwita. Kuambiwa si kujua. Na namna ya kujua ilikuwa moja tu.

Nyuma yake watoto wa pimbi walikuwa wamekusanyika, hadi wanaonyonya, masikio juu.

Pimbi akalala juu ya jiwe, tumbo chini, akalikumbatia.

"Samehe, mama," akasema. "Sitajua."

Chwi! ikasema ardhi chini ya tumbo lake. Chwi!

Ndiyo maana hadi leo pimbi wakiota jua, mmoja wao haoti. Hukaa pembeni, macho kwenye ufa, hali wala hasinzii. Na ukipita karibu na jabali utamsikia analia kwa uchungu, bila sababu unayoiona wewe.

Basi fundisho la hadithi hii, mlishike vizuri, maana ndilo mlilolijia. Mwanafunzi mwema humtii mwalimu. Hapeleki wenzake mbele, hapeleki mawe darasani, hazibi mlango wa elimu. Akiambiwa ingia, anaingia. Pimbi hakutii, na mmeona wenyewe: hadi leo hana shahada.

Hadithi yangu imekoma hapa mlangoni. Anayetaka kujua mwisho wake, jiwe ni lile pale. Aondoe, aingie, aonje, ajue.