Wakili Aliyeikataa Mikono ya Jamaa Zake

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba huko Uswisi, katika karne ya kumi na tisa, aliishi wakili mcha Mungu aitwaye Melchior Hefti. Miaka mingi aliwatetea wajane na mayatima, na mama yake, Bibi Regula, alitembea kichwa juu kwa ajili yake.

Jimbo lao la milimani halikuwa na masanduku ya kura. Kila mwaka wanaume walikusanyika uwanjani, wakainua mikono, na mzee wa baraza akakadiria kwa jicho upande uliozidi. Mwaka ule Melchior aligombea ukuu wa jimbo. Nia yake ilikuwa moja tu: kuwatoa watoto wadogo katika viwanda vya nguo, walikokuwa wakidhoofika na kufa. Mpinzani wake alikuwa mwenye kiwanda.

Mikono ikainuliwa. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini mzee akamtangaza Melchior. Bibi Regula, aliyekuwa pamoja na wanawake wenzake nje ya kamba iliyowazunguka wapiga kura, alilia kwa furaha. Mara furaha ikamkauka. Karibu na ukuta aliwaona wana wa dada yake, watu wa jimbo jirani, wamesimama kati ya wapiga kura, mikono yao ingali juu. Walikuja kutazama tu, mapenzi yakawazidi. Na Bibi Regula, mwanamke wa sala na saumu, akanyamaza.

Melchior naye aliwaona. Akapanda jukwaani, akasema, "Ndugu zangu, wale ni jamaa zangu, si watu wa jimbo hili. Kura irudiwe."

Ikarudiwa bila wao, naye akashindwa.

Njiani mama akamwambia kwa uchungu, "Mwanangu, na wale watoto je?"

"Wananiuma, mama. Lakini sheria ya kuwaokoa nikiianza kwa hila, nani ataitii?"

Akasubiri bila kunung'unika. Mwaka uliofuata aliileta sheria ile barazani akiwa raia wa kawaida. Mikono ikainuliwa. Mzee akatazama, akatazama tena, akashindwa kukata shauri. Ndipo mwenye kiwanda, ambaye sasa ndiye mkuu wa jimbo, akasema, "Mwulizeni Melchior. Akisema imepita, imepita."

Melchior akapanda, akautazama uwanja wote bila haraka. "Imepita," akasema, na hapakuwa na aliyepinga.

Nje ya kamba, Bibi Regula aliwaambia wenzake, "Huyo ni mwanangu," wala hakuona haya kujivuna.

Enyi waumini, cheo hutolewa na watu, na watu haohao hukitwaa. Lakini adui yako kukuamini katika jambo litakalomuumiza yeye mwenyewe, hiyo ni heshima ambayo Mola humjaalia mja aliyekubali kushindwa kwa haki.