Bendera ya Montelana

“Iache hapo, Mama Ersilia! Hiyo ni ya mlingoti, si ya kabati lako.”

“Niiache? Kwani uliishona wewe?”

Hapo zamani, katika kijiji cha Montelana, milimani Italia, hawa wawili walikuwa wakivutania bendera ya timu ya mpira katika chumba cha kubadilishia nguo. Mama Ersilia alikuwa mfuaji wa jezi. Nazareno alikuwa kipa. Timu yao ilikuwa imefutwa wiki ile. Karibu na mlango alisimama mtu wa tatu, Duilio, aliyekuwa winga zamani. Alishika kofia mkononi.

Sikilizeni ilivyofutwa. Vijana wa Montelana walishuka mjini Torino kufanya kazi viwandani. Mwaka huu alishuka beki, mwaka ule akashuka winga, na hakuna aliyepanda kurudi. Sheria ilisema timu isiyofikisha watu saba haichezi, na ikikosa mechi nne inafutwa. Montelana ikakosa moja, ikakosa ya pili, ikakosa ya tatu. Jumapili iliyofuata walikuwa sita. Ndipo Duilio akatokea kwa treni kutoka Torino, akawa wa saba. Walifungwa kumi na nne bila, lakini timu ikaishi mwaka mmoja zaidi. Duilio, aliyekuwa ameondoka bila ruhusa, aliporudi kiwandani alikuta nafasi yake ina mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, hata watu sita hawakupatikana.

Mama Ersilia akasema, “Niliishona kwa shuka la harusi yangu. Miaka thelathini na moja nafua jezi kila Jumatatu. Mwaka huu hakuna aliyezivaa, nimezifua vilevile. Mume wangu amekufa, wanangu wameshuka. Mkichukua na hii, nitaanika nini?”

Nazareno akasema, “Mimi niliitwa Torino mara tatu. Ilda, mchumba wangu, alinisubiri stesheni. Nikamwambia, nani atakaa golini? Akapanda treni peke yake. Mpaka leo kila Jumapili naipandisha bendera, nasimama golini, na hakuna mpira unaokuja. Ikishuka, nilibaki kwa ajili ya nini?”

“Kufungwa kumi na nne!”

“Ulitaka nizuie na nani, Mama? Mabeki wangu wote wanafunga skrubu Torino!”

Mama Ersilia alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

“Na wewe mbona kimya?” Nazareno akamgeukia Duilio. “Au unajua kwamba aliyeondoka hana fungu?”

“Nilipoteza kazi kwa timu hii,” Duilio akasema. “Lakini sijiombei. Kule tuko kumi na tisa wa Montelana. Kila Jumapili tunacheza nyuma ya reli, kila mtu na shati lake. Watu wanatuuliza, ninyi timu gani? Tunaangalia chini. Nipeni bendera, timu itaishi.”

“Itaishi kwenu,” Mama Ersilia akasema. “Na huku?”

Uwanjani nyasi zilikuwa zimefika magotini.

Duilio akavaa kofia, akafungua mlango, akageuka.

“Treni yangu inaondoka saa tisa. Siwezi kuinyakua mikononi mwenu. Lakini wenzangu wataniuliza, nami nitawajibu nini? Nani anaistahili: aliyeishona, aliyebaki nayo, au wale wanaocheza bila jina?”