Tenga Lililolia Mgongoni mwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufunga milango kwa komeo, kulikuwa na bonde liitwalo Kilangani. Humo waliishi wakubwa watatu waliopenda zana kuliko kazi.

Tembo hakutoka nyumbani bila upondo mrefu wa kuangulia matunda, ingawa mkonga wake ulifika juu kuliko upondo. Kifaru alichomeka shoka kiunoni, na sijui alitaka kukata nini, maana mti uliomuudhi aliung'oa kwa pembe. Nyati ndiye aliyezidi. Mshipi wake ulikuwa na visu vitano, na kimoja kilikuwa cha kukatia nyama. Nyati, wanangu, anakula majani.

Kila asubuhi walikutana barazani kwa Tembo, wakatandika mkeka, wakapanga zana zao moja moja na kusifiana.

"Mpini huu ni wa mpingo," Nyati alisema siku moja.

"Mzuri. Umeshakatia nini?" aliuliza Tembo.

"Bado. Ni kipya."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Jirani yao alikuwa Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne. Yeye alivaa mkoba mmoja mdogo, na ndani yake mlikuwa na kisu kifupi, sindano ya kushonea ngozi na kamba ya mkonge. Kila alipopita, wakubwa walimcheka.

"Huyo anakwenda shambani au anakwenda kutoa mwiba?" Kifaru aliuliza, na wenzake wakacheka hadi mkeka ukatikisika.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Kisima cha Kilangani kilikauka, likabaki tope, kisha hata tope likapasuka. Wanyama wakaanza kuhamia ng'ambo ya mlima, kwenye mto, mwendo wa siku tatu.

Bi Nguchiro aliitazama nyumba yake. Alikuwa na jiwe la kusagia alilorithi kwa mama yake, na kinu cha mti mgumu. Akiviacha, huko aendako atatwangia na kusagia nini? Na watoto wake walikuwa wadogo. Miguu yao haikuweza kumaliza hata nusu siku juani.

Akaenda barazani. "Shikamoo, Mzee Tembo. Shikamooni nyote."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba. Njia ni yenu na ni yangu. Mzee wangu, ungenibebea jiwe la kusagia. Bwana Nyati, kinu. Na Bwana Kifaru, watoto wangepanda mgongoni kwako. Hawana uzito."

Nyati alipangusa kisu ambacho hakikuwa na vumbi. "Bibi wee, sisi si wapagazi."

"Sisi hubeba zana," alisema Kifaru. "Mizigo hatubebi."

"Kila mtu na mzigo wake," Tembo akamaliza. "Nenda ukafunge wako."

Bi Nguchiro alirudi nyumbani, akaketi kizingitini. Mtoto wake wa mwisho akamuuliza kama wao watabaki. Alitazama ile baraza kwa mbali, akawaona wakubwa wakipishana kushika mpini wa mpingo. Akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akakata kamba, akatoa sindano.

Asubuhi yake alipita mbele ya baraza akiliburuta jiwe la kusagia, lakini sasa lilikuwa limevishwa mkanda wa ngozi ulioshonwa kwa nakshi. Krrr, krrr. Hakuwasalimu. Akapita, akarudi, akapita tena.

Tembo hakuvumilia. "Nini hicho?"

"Hiki? Hakikufai, mzee wangu."

"Kwa nini kisinifae?"

"Ni kitulizo. Wasafiri wa milimani hawaendi bila hiki. Upepo wa kileleni huangusha wakubwa kwanza, maana ndio wenye mwili wa kupigwa. Aliyefunga kitulizo kifuani hayumbi. Lakini ni kizito kidogo, na wewe umezoea upondo."

"Nani kakwambia siwezi uzito?" alisema Tembo, na mkonga wake ulikuwa umeshafika kwenye mkanda.

"Basi nakuazima. Mpaka mtoni tu."

Nyati akasogea. "Na mimi?"

"Wewe una visu vitano, bwana. Umekamilika."

Hakuna neno ambalo lingeweza kumuuma Nyati kuliko hilo. Alimfuata hadi nyumbani, akasihi, mpaka Bi Nguchiro akamtolea kinu, nacho kimeshavishwa mkanda. Akamwambia ni ngao ya kisogo, ambayo huzuia mawe yanayoporomoka. Mshipi wa visu ulibana, haukukaa pamoja na ngao. Nyati akauvua na kuutundika msumarini.

Kifaru alifika mwisho, akihema. "Wenzangu wamepata. Mimi nimebakiwa na nini?"

Bi Nguchiro alimpeleka uani. Huko kulikuwa na tenga kubwa lenye kifuniko. "Bwana Kifaru, macho yako hayaoni mbali, na hilo si kosa lako. Hii ndiyo zana yako. Hatari ikikaribia, inalia yenyewe."

"Yenyewe?"

Bi Nguchiro aligonga tenga kidogo. Kwi, kwi, kwi, tenga likalia.

Kifaru alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akainamisha mgongo taratibu, kama bwana harusi anayevishwa joho. "Kuna masharti?"

"Mawili. Usikifungue kifuniko. Na kila adhuhuri zana hii hutiwa uji. Ukisahau, inaharibika."

Safari ikaanza. Mbele alikwenda Tembo, jiwe likimgonga kifuani, du, du, du. Nyuma yake Nyati, shingo imepinda kwa kinu. Halafu Kifaru na tenga. Bi Nguchiro alikwenda pembeni, mkoba wake kiunoni, akiimba kwa sauti ndogo.

Wanyama waliowapita njiani waliuliza. "Mzee Tembo, jiwe la kusagia la nini?"

"Mshamba hajui kitulizo," Tembo alijibu.

Siku ya pili tenga lililia mara sita. Kila mara Kifaru alisimamisha msafara, akanusa upepo, akatafuta adui. Adui hakuonekana.

"Unaona inavyofanya kazi?" aliwaambia wenzake kwa fahari. "Inalia, adui anakimbia."

Nyati aliona wivu. Adhuhuri Kifaru mwenyewe alikoroga uji, akaupuliza upoe, akaumimina kwenye tundu la kifuniko bila kumwaga hata tone.

Kileleni mkanda wa kinu ukakatika. Nyati akapapasa kiunoni, akakuta patupu. Tembo hakuwa na kisu. Shoka la Kifaru lilikuwa limeachwa Kilangani ili tenga likae vizuri. Bi Nguchiro akafungua mkoba wake mdogo, akakata, akatoboa, akashona. Kabla Nyati hajamaliza kulalamika, kinu kilikuwa kisogoni.

Siku ya tatu, alasiri, walifika mtoni. Kifaru akatua tenga chini. Kifuniko kikasogea, kichwa kidogo kikachomoza, kisha cha pili, cha tatu, cha nne.

"Mama, tumefika?" aliuliza mtoto wa mwisho. Akamgeukia Kifaru. "Babu, uji wa leo ulikuwa na moshi."

Tembo alilitazama jiwe kifuani pake, akaona alama nyeupe za unga kwenye mtaro wa kusagia.

"Umetufanya wapagazi," alisema polepole.

"Mlipoombwa kwa heshima mlikataa," Bi Nguchiro alisema huku akimfungulia mkanda. "Mlipokatazwa mkagombania. Asanteni, lakini. Kinu hicho, Bwana Nyati, kiweke hapo penye kivuli."

Nyati akakiweka penye kivuli.

"Nitakushtaki kwa wanyama wote," Tembo alisema.

"Washtakie, mzee wangu. Waeleze kila kitu, na hasa ule upepo wa kileleni."

Tembo alifikiri sana. Jioni hiyo Fisi alifika na kuuliza ni nani aliyeihamisha nyumba nzima ya Bi Nguchiro. Tembo akajibu kwamba hakuona. Nyati naye hakuona. Kifaru akasema macho yake ni mabovu, kila mtu anajua.

Hadithi yangu imekomea ukingoni mwa mto, na funzo lake ni hili: anayechagua zana ili aonekane, hubebeshwa mzigo wa anayechagua zana ya kazi.